Kongo ya sika: samaki mgeni aliyetaka kuingia katika etangi yetu



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alirudi kutoka Kisangani, alikokwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua. Kama desturi, hakurudi mikono mitupu. Alileta samaki wa moshi, amekunjwa duara mkia ukigusa mdomo, mnene kama paja la mtoto wa mwaka mmoja. Tulimpitisha mkono kwa mkono. Magamba yake yalikuwa mapana kuliko kucha ya kidole gumba. Si mboto, si kapitene, na kambale hawezi kuwa, maana kambale hana gamba hata moja.

"Huyu ni Kongo ya sika," akasema mwenzetu. "Kule sokoni wanamjua wote."

Tulimpika na mawese, nyanya na pilipili, tukamla na bugali. Wengi walimpenda. Mama mmoja alisema ana harufu ya tope kidogo, wengine wakamwambia ni moshi tu. Kisha yule aliyemleta akatoa neno alilokuwa amelificha: kuna mtu tayari kutuletea watoto wa samaki huyu, wakiwa hai, tuwaweke katika etangi ya kikundi. Bei alitaja. Ilikuwa karibu nusu ya likelemba yetu ya miezi mitatu.

Hapo maneno yakawa mengi, na jua likazama bila kuafikiana. Mama Prezidanti akatuagiza sisi tunaoandika gazeti hili: tafuteni kwanza samaki huyu ni nani, kwao ni wapi, anaishi vipi, kisha tuamue juu ya pesa. Haya ndiyo tuliyopata.

Tuanze na jina, maana jina lenyewe ni hadithi. Kongo ya sika ni Lingala, maana yake Kongo mpya. Samaki huyu hakuwa wa mto wetu. Wavuvi wa zamani hawakumjua, na ndiyo sababu hakupewa jina katika lugha zao. Alianza kuingia katika nyavu za watu karibu na miaka ya uhuru, wakati kila kitu kilikuwa kipya: bendera mpya, wakubwa wapya, pesa mpya. Naye mgeni wa majini akaitwa hivyo hivyo. Kule Gabon, katika mto Ogooué, mambo yalikuwa yale yale: alitokea, hakuna aliyemjua, wakamwita kwa Kifaransa "sans nom", yaani asiye na jina. Mpaka leo wanamuuza kwa jina hilo la kukosa jina. Watu wa Kamerun wanamwita kanga. Sisi tukisikia kanga tunafikiri ndege mwenye madoadoa, lakini huko ni samaki.

Wataalamu wanamwita Heterotis niloticus, na neno la pili linaonyesha kwao: mto Nile. Nchi zake za asili ni zile za upande wa kaskazini wetu, zenye majani marefu na jua kali. Yuko katika Nile, katika mto Omo wa Ethiopia na ziwa Turkana la Kenya, katika ziwa Chad, na katika mito Niger, Volta, Senegal na Gambia. Katika bonde la Kongo hakuwako. Mnakumbuka kwamba mwaka wa 1871 Livingstone alikaa Nyangwe na kuandika juu ya soko kubwa la wamama, waliofika kwa mamia wakiwa na samaki, vyungu, muhogo na kuku. Ni soko lile lile ambalo tarehe 15 Julai mwaka huo watu wenye bunduki waliwafyatulia wamama hao risasi, wengine wakazama Lualaba wakikimbia. Samaki waliokuwa katika vikapu vyao siku ile walikuwa wa aina nyingi, lakini Kongo ya sika hakuwamo hata mmoja.

Basi alifikaje? Alibebwa na watu. Katika miaka ya 1950 wakoloni walifungua vituo vya kufuga samaki katika nchi nyingi za Afrika ya kati na ya magharibi. Walitaka samaki anayekua haraka na asiyehitaji chakula cha bei, wakamchagua huyu. Walimpeleka Kamerun, Gabon, Côte d'Ivoire, Afrika ya Kati, na baadaye hata Madagaska. Halafu mvua ikanyesha kama inavyonyesha siku zote, mabwawa yakajaa yakapasuka, na samaki wakatoka. Wale wa upande wa Ubangi walishuka na maji mpaka mto Kongo wenyewe, wakaenea. Leo wavuvi wa Kisangani, wa Mbandaka na wa ziwa la Pool Malebo karibu na Kinshasa wanamvua kama samaki wa nyumbani.

Tuliposoma habari hiyo ya mabwawa kupasuka tulitazamana, maana sisi wenyewe tunaijua. Masika ya mwaka jana etangi yetu ilivunjika upande wa kijito usiku mmoja. Asubuhi tulikuta matope na tilapia kumi na mbili tu. Miezi saba ya kazi, pumba za mchele tulizobeba kichwani kila Jumanne, vyote vilikwenda Lualaba. Hatumlaumu mtu. Ukuta tuliujenga sisi wenyewe, na tuliujenga mfupi.

Sasa, juu ya ukoo wa samaki huyu. Hapa tulishangaa, na tunataka mshangae nasi.

Kongo ya sika ana ndugu ng'ambo ya bahari wanaoitwa arowana. Ukoo wao unajulikana kama samaki wenye ulimi wa mfupa, kwa sababu wengi wao wana ulimi mgumu wenye meno madogo madogo. Hawaishi baharini hata kidogo, ni wa maji matamu tu. Hata hivyo wako Afrika, Amerika ya Kusini, Azia na Australia. Mtoto mmoja wa shule alituuliza: kama hawawezi kuvuka bahari ya chumvi, walifikaje kote huko? Swali zuri. Wataalamu wengi wanaeleza kwamba mababu wa ukoo huu waliishi zamani sana, wakati nchi hizo zilikuwa bado zimeungana. Nchi zilipotengana, kila tawi la ukoo lilibaki na mto wake.

Huko Amazon wako wawili. Wa kwanza ni wa rangi ya fedha, mrefu na bapa kama upanga, mdomo umeelekea juu na una ndevu mbili kidevuni. Anaogelea chini kidogo ya uso wa maji akitazama matawi. Akiona mdudu juu ya jani anaruka nje ya maji, hupita metre moja, anamnyakua. Kwa sababu hiyo watu wa Brazili wanamwita tumbili wa maji. Wa pili ni arowana mweusi wa mto Rio Negro. Katika mito hiyo hiyo ya Amazon yuko pia jamaa yao mkubwa, pirarucu, anayeweza kufika metre tatu na kupita kilo mia moja. Nyama yake hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa kama makayabu yetu. Ulimi wake uliokauka wenyeji wanautumia kama kikwaruzo cha kusagia mbegu, na magamba yake ni tupa ya kusugulia kucha. Hakitupwi kitu.

Australia wako wawili, mmoja katika mito ya kaskazini inayoelekea ghuba ya Carpentaria, na pia upande wa kusini wa kisiwa cha Guinea Mpya, mwingine katika mto Fitzroy wa Queensland.

Azia ndiko kuna maajabu ya pesa. Arowana wa huko anaishi katika mito na maziwa ya maji meusi ya Indonesia, Malezia, Thailand na Kambodia. Wako wa kijani, wako wa dhahabu, na wako wekundu wanaotoka bonde la mto Kapuas katika kisiwa cha Borneo. Zamani wenyeji walimvua na kumla kama samaki yeyote. Kisha matajiri wenye asili ya Kichina wakaona magamba yake makubwa na ndevu zake, wakasema huyu ni mfano wa joka linaloleta bahati nyumbani. Bei ikapanda. Leo mmoja mzuri anauzwa maelfu ya dola, na haliwi: anawekwa katika sanduku la kioo sebuleni, atazamwe. Kwa sababu aliwindwa mno, tangu 1975 mapatano ya dunia juu ya biashara ya wanyama yanakataza kumuuza nje ya nchi akiwa wa porini. Wanaofugwa ndio wanaouzwa, kila mmoja na cheti chake na kidude cha alama kilichotiwa ndani ya mwili. Mama mkubwa mmoja aliposikia hayo alisema: samaki ana kitambulisho, na mimi natafuta changu tangu miaka mitatu.

Lakini jambo lililotugusa zaidi sisi wamama ni malezi.

Arowana wa Azia jike anataga mayai machache, kadiri ya hamsini mpaka mia, lakini makubwa, kila yai karibu santimetre mbili. Akimaliza, baba anayachukua yote mdomoni. Anakaa nayo humo mpaka yaanguliwe, na watoto wanaendelea kukaa humo mpaka watumie kiini chao chote cha yai, karibu miezi miwili kwa jumla. Muda huo baba hali. Wa Amazon naye ni baba anayebeba. Kwa samaki wa Australia ni mama. Tuliposoma hayo kwa sauti katika mkutano, kelele ilikuwa kubwa, na wababa wawili waliokuwa wakitengeneza paa la ofisi karibu nasi walishuka kutuuliza tunacheka nini.

Kongo ya sika yeye habebi mdomoni. Anajenga nyumba. Maji yanapofurika katika majani wakati wa masika, mume na mke wanasafisha mahali, wanang'oa majani, wanayapanga pembeni kama ukuta wa duara. Chumba hicho kina upana wa zaidi ya metre moja, na sakafu yake ni tope tupu lililosuguliwa. Humo wanataga maelfu ya mayai madogo ya rangi ya machungwa. Baada ya siku mbili hivi yanaanguliwa. Watoto wanatoka kwenye nyumba wakiwa kundi zito, kama wingu jeusi ndani ya maji, na wazazi wanazunguka kando yao wakiwafukuza adui.

Hapo ndipo binadamu anapomweza. Mzazi anayelinda watoto hakimbii. Mvuvi akiona wingu la watoto anajua wakubwa wako karibu, anachoma mkuki au anazungusha wavu. Anapata samaki wawili wakubwa siku hiyo, na maelfu ya wadogo wanabaki yatima kwa wale wanaowala. Kule Amazon ni vile vile: wanaotafuta watoto wa arowana wa kuuza ng'ambo wanamuua baba ili wafungue mdomo wake.

Hili halihusu Kongo ya sika peke yake. Tilapia wa vijito vyetu naye ni mlezi, wengi wa aina zake wanaficha watoto mdomoni. Na sisi tunafanya nini? Tunakokota mustikeri. Tuseme kweli, maana gazeti ni letu: zile zilizogawiwa kwa ajili ya watoto wasipate malaria, nyingine ziko mtoni. Tundu lake ni dogo, halibakizi hata samaki wa ukubwa wa punje ya mchele. Tena dawa iliyotiwa humo kwa kuua mbu ni sumu kali kwa samaki, na mtoto wa nyumbani analala bila kufunikwa. Tunajua anayefanya hivyo mara nyingi ni mama asiye na kitu cha kutia kwenye sombe jioni. Hatuandiki ili kumwaibisha. Tunaandika kwa sababu juma lililopita wasichana watatu walirudi na sahani ya vitoto vya samaki, na vyote pamoja, baada ya kukaangwa, havikutosha mtu mmoja.

Turudi kwa ile bei na wale watoto wa samaki.

Mazuri ya Kongo ya sika ni haya. Anakula vitu vidogo sana: wadudu wa majini, mbegu, konokono wadogo, na vile viumbe visivyoonekana kwa macho vilivyo ndani ya tope na maji ya kijani. Ana chombo cha kuchujia nyuma ya matamvua, kilichojikunja kama gamba la konokono. Hamli tilapia mwenzake. Anakua haraka, katika bwawa lenye chakula anaweza kupita kilo moja kabla ya mwaka kwisha, na mkubwa kabisa anafika metre moja. Maji yakiwa mabovu hafi upesi, kwa kuwa anapanda juu na kuvuta hewa kama sisi.

Magumu yake yule mwuzaji hakuyataja. Samaki huyu hapendi kushikwa. Ukimkokota na wavu anajirusha, magamba yanatoka, na baada ya siku chache anakufa. Kutoka Kisangani mpaka hapa, kwa mashua, gari-moshi kidogo, na pikipiki katika njia zetu, ni wangapi watafika hai? Mume na mke huwezi kuwatofautisha kwa macho, kwa hiyo ukinunua kumi hujui umenunua nini. Na ili azae anahitaji bwawa pana lenye majani kando. Etangi yetu ni ndogo. Angekua ndani yake, ndiyo, lakini hangezaa, na kila mwaka tungerudi kwa yule yule kununua wengine. Mama mmoja anayeuza chumvi alilielewa hilo kabla hatujamaliza kusoma: "Huyo hauzi samaki, anauza safari."

Kuna jambo la tatu, ambalo wengi walilipuuza mwanzoni. Kati ya Kisangani na Ubundu kuna maporomoko saba ya Boyoma. Ni mlango mgumu ambao Mungu aliweka kati ya samaki wa chini na maji yetu ya juu. Tukileta Kongo ya sika kwa pikipiki na ukuta ukavunjika tena, tutakuwa sisi, kikundi cha wamama, tuliomtia kwa mkono wetu katika Lualaba. Yeye si mkali kama sangara, yule aliyetiwa katika ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na kumaliza aina nyingi za samaki wadogo waliokuwa huko tu. Hata hivyo mgeni anakula, anakaa mahali pa mtu, anazaa maelfu. Wavuvi wetu, na wa mto Luama upande wa Kabambare, hawakuulizwa. Samaki akiisha kuingia mtoni hakuna wa kumrudisha.

Si wote waliokubali hoja hiyo. Bibi mmoja, mkubwa wetu kwa umri, alisema kwa hasira kwamba watu wa Kisangani wanakula na hawajafa, na kwamba mto wetu umekuwa mtupu hata bila mgeni, basi mgeni angejaza. Tunaandika neno lake hapa kwa sababu lina uzito. Mtu aliyeona Lualaba ya utoto wake, mitumbwi ikirudi imejaa, ana haki ya kukasirika. Lakini mkubwa huyo huyo ndiye aliyetuambia kwamba hapo zamani, wakati wa mayai, baba yake alikataza watu kutega katika vijito fulani mpaka maji yapungue. Tulimuomba atutajie vijito hivyo. Alitaja vitatu. Kimoja ndicho kinachopita kando ya etangi yetu.

Kura ilipigwa kwa mikono juma lililopita. Ishirini na tatu walisema pesa ya likelemba isiguswe kwa ajili ya Kongo ya sika, tisa walisema inunuliwe, wanne walinyamaza. Tutaweka tena tilapia wa hapa hapa, wale tuliowabakiza katika shimo dogo la mama jirani. Yeyote anayetaka kumwona Kongo ya sika aende Kisangani, au amuulize mwenzetu, bado ana kichwa kimoja kimekauka juu ya jiko.

Ukuta wa etangi utapandishwa Alhamisi hii, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya jua. Kila mmoja aje na jembe au karai, na mwenye kijana mwenye nguvu aje naye. Udongo mwekundu wa kugandisha utatoka kwenye kichuguu nyuma ya shule. Mwenye mustikeri ya zamani iliyotoboka, isiyofaa tena kitandani, asiipeleke mtoni: ailete, tutaitandika juu ya vitalu vya mboga ili kuku wasile miche.